Jinsi ya Kupata Urefu Sahihi wa Spoki Unaposuka Gurudumu la Baiskeli

Spoki yenye urefu sahihi ni ile ambayo, gurudumu likishakazwa, ncha yake inafika sawasawa na sakafu ya mfereji wa bisibisi ulio kwenye kichwa cha nipeli, yaani nati ndogo inayoishika spoki kwenye ringi. Ikipungua hapo milimita 1 bado ni salama. Ikipungua 3, umejitafutia matatizo: kichwa cha nipeli ndicho kinachobeba mzigo wote dhidi ya ringi, na spoki isipoingia ndani ya kichwa hicho, nipeli inabaki tundu tupu na hukatika pale shingo inapokutana na kichwa. Baiskeli ya mizigo itaanza kukata nipeli moja baada ya nyingine, na fundi atalaumu nipeli.

Ikizidi, kuna mabaya mawili. Kwenye ringi ya ukuta mmoja, yaani isiyo na ukuta wa pili kati ya nipeli na tyubu, ncha inachomoza ndani ya tairi na kutoboa tyubu. La pili halionekani kwa macho: hesi ya spoki (sehemu yenye mizunguko ya skrubu) ni kama milimita 10 tu, kwa hiyo nipeli inafika mwisho wa hesi kabla spoki haijakaza. Unazungusha, inakataa, unadhani imekaza. Kumbe imegota, na spoki bado imelegea.

Mwongozo huu unafuata gurudumu la nyuma la baiskeli ya 28 ya mizigo, lenye spoki 40, kuanzia kupima hadi kununua. Baadaye tutapita kwenye gurudumu la nyuma la 26 lenye gia, kwa sababu lile lina pande mbili zisizolingana.

Vifaa

Rula ya chuma ya sentimita 30 ambayo sifuri yake inaanza ukingoni kabisa, spoki mbili chakavu zilizonyooka pamoja na nipeli zake, gundi kali, na simu yenye kikokotoo. Kalipa ya vernia ikiwepo ni vizuri, lakini si lazima.

Anza na ringi, na uipime mwenyewe

Kipimo cha ringi ndicho kinachoamua karibu kila kitu, na ndicho watu wengi wanakikisia. Namba iliyogongwa kwenye ringi au kuandikwa kwenye tairi haitakusaidia hapa. 635, 622 na 559 ni vipenyo vya mahali tairi linapokaa, si mahali nipeli inapokaa. Tena neno “28” lenyewe linadanganya: ringi ya 28 ya baiskeli zenye breki za fimbo ni 635, lakini ringi nyembamba ya 700C, ambayo nayo huuzwa kwa jina la 28, ni 622. Tofauti hiyo ya milimita 13 ni milimita 6 na nusu kwenye kila spoki.

Tunachotaka ni umbali kutoka sakafu ya mfereji wa nipeli moja hadi sakafu ya mfereji wa nipeli iliyo mkabala nayo, nipeli zote mbili zikiwa zimekaa kwenye ringi. Tukiite kipenyo cha spoki.

Chukua zile spoki chakavu mbili. Kila moja ipime kutoka ncha yenye hesi, uikate ikiwa na milimita 200 kamili. Piga msasa kidogo mahali ulipokata ili pawe bapa. Zungusha nipeli hadi ncha ya spoki ilingane na sakafu ya mfereji, kisha tia tone la gundi isisogee tena. Umepata vipimio viwili utakavyovitumia miaka.

Vipitishe kutoka nje ya ringi, kila kimoja kikielekea katikati, kwenye matundu yanayotazamana. Ringi ya matundu 40: tundu la 1 na la 21. Ya 36: la 1 na la 19. Ya 32: la 1 na la 17. Anza kuhesabu tundu lililo jirani na valvu. Vuta vipimio vyote viwili kuelekea katikati hadi vichwa vya nipeli vikalie vizuri, vinyoosheane kwenye mstari mmoja, mwenzako akushikie ikibidi, na upime pengo lililobaki kati ya ncha mbili zilizokatwa.

Tuseme pengo ni milimita 226. Basi kipenyo cha spoki ni 200 + 200 + 226 = 626.

Usiishie hapo. Rudia kwenye jozi nyingine tatu kuzunguka ringi, utafute wastani. Ringi za chuma zilizoungwa kwa kuchomelewa mara nyingi si duara kamili. Vipimo vikitofautiana milimita 1 ni kawaida. Vikitofautiana zaidi ya 3, ringi ina umbo la yai, na hakuna hesabu itakayoitibu. Inyooshe kwanza au ibadilishe. Kama utaweka washa chini ya nipeli, ziweke wakati wa kupima pia, maana zinaongeza kipenyo.

Vipimo vitatu vya habu

Cha kwanza ni duara la matundu. Habu, kitovu cha gurudumu ambamo ekseli inapita, ina sahani mbili zenye matundu ya spoki. Pima sahani moja kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Kwa kuwa ni vigumu kulenga katikati ya tundu kwa macho, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa lile la mkabala. Jibu ni lile lile. Habu yetu imetoa 48, hivyo nusu yake ni 24. Pima sahani zote mbili. Habu zenye breki ya ndani na zile za gia za ndani mara nyingi zina sahani moja kubwa kuliko nyingine.

Cha pili ni umbali wa kila sahani kutoka katikati ya habu. Katikati hapa ni katikati ya zile nati mbili za nje zinazofunga koni, mahali fremu inapobana. Si katikati ya sahani mbili. Pima nati hadi nati kwa nje: tuseme 110, nusu yake 55. Kisha pima kutoka nati ya kushoto hadi katikati ya unene wa sahani ya kushoto: 23. Basi sahani ya kushoto iko 55 − 23 = 32 kutoka katikati. Upande wa kulia kuna friwili (sproketi inayovutwa na mnyororo), na kipimo kimetoka 27: 55 − 27 = 28.

Ukibadilisha ekseli au ukiongeza washa upande mmoja, katikati inahama. Pima habu ikiwa imefungwa vile itakavyotumika.

Cha tatu ni upana wa tundu lenyewe la spoki. Kwa kawaida ni kati ya 2.4 na 2.6, habu za spoki nene huzidi hapo. Spoki inavutwa hadi ukingo wa nje wa tundu, kwa hiyo nusu ya upana huo tutaitoa mwishoni. Tuchukue 2.6, nusu yake 1.3.

Mipishano

Amua sasa spoki moja itapishana na nyingine ngapi za upande wake kabla ya kufika kwenye ringi. Ukibadili mawazo baada ya kununua, spoki zote zimepotea: kwenye gurudumu letu, kutoka mipishano 4 kwenda 3 kunafupisha spoki kwa milimita 7.

Kipimo cha haraka cha kutopitiliza ni kugawanya idadi ya spoki kwa 9. Spoki 40 zinakubali mipishano 4, 36 zinakubali 4, 32 na 28 zinakubali 3. Ukizidisha, spoki inalala juu ya kichwa cha jirani yake kwenye sahani. Magurudumu ya mtindo wa Kiingereza yenye spoki 32 mbele na 40 nyuma husukwa 3 mbele na 4 nyuma, na kwa mizigo hatuoni sababu ya kuuacha mpango huo. Spoki inayotoka kwenye habu kwa kupishana hivi inaivuta sahani kwa pembeni, na ndiyo inayohamisha nguvu ya mnyororo kutoka habu hadi ringi. Spoki zilizonyooka moja kwa moja bila kupishana zisitumike nyuma hata kidogo, wala kwenye habu yenye breki ya ndani.

Kila mpango una pembe yake. Pembe ni mipishano mara 360, gawanya kwa idadi ya spoki za upande mmoja. Kwa 40 zenye mipishano 4: 4 × 360 ÷ 20 = digrii 72. Kosaini zinazohitajika mara nyingi ni hizi:

- Spoki 28, mipishano 3: 0.2225
- Spoki 32, mipishano 2: 0.7071
- Spoki 32, mipishano 3: 0.3827
- Spoki 36, mipishano 3: 0.5
- Spoki 36, mipishano 4: 0.1736
- Spoki 40, mipishano 3: 0.5878
- Spoki 40, mipishano 4: 0.3090

Ukitafuta kosaini kwenye simu, jaribu kwanza kosaini ya 60. Ikijibu 0.5, simu iko kwenye digrii. Ikijibu −0.95, iko kwenye radiani. Ibadilishe kabla hujaendelea.

Hesabu yenyewe

Urefu = √(R² + H² + K² − 2 × R × H × kosaini) − nusu ya tundu

R ni nusu ya kipenyo cha spoki cha ringi, H ni nusu ya duara la matundu ya habu, K ni umbali wa sahani kutoka katikati. Kila upande una hesabu yake.

Upande wa kushoto: R ni 313, ukiizidisha kwa yenyewe ni 97,969. H ni 24, inatoa 576. K ni 32, inatoa 1,024. Jumla 99,569. Sasa 2 × 313 × 24 ni 15,024; mara 0.309 inakuwa 4,642. Toa: 94,927. Kipeuo chake cha pili ni 308.1. Toa 1.3, unabaki na 306.8.

Upande wa kulia kinachobadilika ni K tu, 28, ambayo inatoa 784. Jumla 99,329, toa 4,642, inabaki 94,687. Kipeuo ni 307.7, toa 1.3: 306.4.

Pande mbili zinatofautiana kwa chini ya nusu milimita, kwa hiyo gurudumu zima linapata spoki za urefu mmoja: 306.

Sasa angalia jinsi makosa yanavyopimana. Ukikosea kipenyo cha ringi kwa milimita 4, spoki inakosea milimita 2. Ukikosea duara la habu kwa milimita 2, spoki inakosea robo ya milimita. Ukikosea K kwa milimita 5 nzima, kosa ni nusu ya milimita. Ndiyo maana tunasisitiza ringi: mtu anaweza kuhangaika na kalipa kwenye habu saa nzima, halafu akachukua kipimo cha ringi kwenye jedwali la ringi nyingine, na kazi yote ikaharibika hapo. Vikokotoo vya intaneti vinafanya hesabu hii hii. Ukivilisha kipimo kibovu cha ringi vitakupa jibu bovu lenye desimali mbili.

Kama huna kosaini

Kata pande la kadibodi kubwa na uchore gurudumu kwa vipimo vyake halisi. Weka nukta moja iwe katikati ya habu. Chora mstari wa milimita 313 kutoka hapo. Kwa kipimapembe, chora mstari mwingine wa milimita 24 kutoka nukta ile ile, kwa digrii 72 kutoka mstari wa kwanza. Pima umbali kati ya ncha mbili za mistari hiyo: utapata kama 306.4. Sasa ongeza mchango wa K: zidisha K kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya umbali uliopima. Kwa kushoto ni 1,024 ÷ 613, yaani 1.7. Jumla 308.1, toa 1.3. Penseli ikiwa kali na rula ikitulia, utafika pale pale.

Gurudumu la nyuma lenye gia

Hapa sahani ya kulia imesogezwa ndani ili kupisha sproketi, na tofauti ya pande inaonekana. Chukua ringi ya 26 (559) yenye kipenyo cha spoki 538, matundu 36, mipishano 3, habu ya nati hadi nati 135, duara la matundu 45. Kushoto nati hadi sahani ni 33.5, hivyo K ni 67.5 − 33.5 = 34. Kulia ni 47.5, hivyo K ni 20.

R² ni 72,361. H² ni 506. Kosaini ni 0.5, na 2 × 269 × 22.5 × 0.5 ni 6,052. Kushoto: 72,361 + 506 + 1,156 − 6,052 = 67,971, kipeuo 260.7, toa 1.3, inabaki 259.4. Kulia: 72,361 + 506 + 400 − 6,052 = 67,215, kipeuo 259.3, toa 1.3, inabaki 258.

Nunua 18 za 259 na 18 za 258, kisha zifunge kwa mipira ya rangi mbili kabla hujafika nazo nyumbani. Ukizichanganya hutaziona kwa macho hadi gurudumu limekamilika.

Kukadiria na kununua

Kwenye ringi ya ukuta mmoja, kadiria kwenda chini: 306.8 inakuwa 306. Spoki yenyewe inanyumbuka kidogo ikikazwa, karibu nusu milimita kwa spoki ya milimita 2, hivyo upungufu mdogo unajifuta. Kwenye ringi ya kuta mbili ncha haiwezi kufika kwenye tyubu, basi kadiria kwenda namba iliyo karibu. Kama duka lina namba shufwa tu na unahitaji 259, chukua 258 kwa ringi ya ukuta mmoja, 260 kwa ya kuta mbili.

Mara nyingi muuzaji atakuuliza “ya 28 au ya 26?” na kukupa fungu. Jina hilo si kipimo. Toa rula. Ning’iniza kiwiko cha spoki, pale inapopinda karibu na kichwa, kwenye ukingo wa rula, chuma cha ndani ya kiwiko kikiwa sifuri, usome kwenye ncha ya hesi. Usipime kutoka kichwani; utaongeza milimita 2 au zaidi. Pima tano kutoka fungu moja, halafu simamisha fungu zima mezani vichwa vikiwa chini uone kama ncha zinalingana. Mafungu yaliyochanganywa yapo mengi.

Uliza na unene. Geji 14 ni milimita 2.0, geji 13 ni 2.3, geji 12 ni 2.6, namba ikishuka spoki inanenepa. Nipeli lazima ziwe za geji hiyo hiyo. Hakikisha pia spoki nene inapita kwenye tundu la habu yako kabla ya kulipa. Nunua 42 au 43 kwa gurudumu la 40.

Unapobadilisha ringi tu

Spoki za zamani zinaweza kubaki kama kipenyo cha spoki cha ringi mpya kinatofautiana na cha zamani kwa milimita 2 au pungufu, na kama hesi hazijaliwa na kutu. Kabla ya kuzifungua, vua tairi na utepe wa ringi, uangalie ncha zilikaa wapi ndani ya nipeli. Kama zilipungua milimita 2, gurudumu lile lilisukwa vibaya tangu mwanzo. Ukinakili spoki hizo unanakili kosa. Ongeza 2 kwenye kipimo chake.

Jinsi ya kujua mapema kwamba umekosea

Suka spoki zote, kisha zungusha kila nipeli hadi hesi ya mwisho ifichike tu. Gurudumu zuri hapo linakuwa bado limelegea kidogo, kila spoki sawa na mwenzake. Ukiona spoki zimeshakaza huku hesi milimita 3 au 4 bado ziko nje, ni fupi. Hesi zote zikiwa zimefichika na spoki bado zinayumba ukizishika, na ringi bado inacheza, ni ndefu. Mzunguko mmoja wa nipeli ya geji 14 ni karibu milimita 0.45, hivyo unaweza kukadiria kosa: mizunguko minne ni kama milimita 2.

Zikiwa upande mmoja ni fupi na mwingine ni ndefu, umebadilisha pande. Zikiwa fupi moja na ndefu moja kwa kupokezana upande ule ule, urefu hauna kosa; umeruka tundu moja wakati wa kusuka.

Spoki ndefu kwa milimita 1 inatibika kwa kusaga ncha kwa tupa baada ya kukaza, hadi ilingane na kichwa cha nipeli, kisha weka utepe wa ringi ulio mzima. Ndefu kwa 3 haitibiki hivyo, kwa sababu hesi imeshagota. Wapo wanaoikunja spoki katikati ili kula urefu uliozidi. Mkunjo huo unanyooka polepole chini ya mzigo, spoki inalegea, na jirani zake zinaanza kukatika kwenye kiwiko. Wapo pia wanaokata na kuchonga hesi mpya kwa dai, kifaa cha kukatia hesi. Hesi za kiwandani hufinyangwa bila kuondoa chuma, za dai zinakatwa ndani ya spoki na kuipunguzia unene, kwa hiyo spoki hukatika hapo hapo kwenye hesi. Kwa gurudumu la nyuma linalobeba magunia, rudisha spoki dukani ukachukue za urefu unaotakiwa.